Kabla ya Lugalo kulikuwa na Kolito: sajenti mmoja na wale askari watatu wa Keya

Ukipanda daladala ya Mwenge kwenda Tegeta utamsikia konda anauliza "Lugalo wapo?" na watu wanashuka, wengi wanaenda hospitali ya jeshi, maisha yanaendelea. Jina tunalijua, Lugalo ni kule Iringa ambako Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvizia msafara wa Wajerumani chini ya Zelewski na Zelewski mwenyewe akafia hapohapo. Hiyo tumeisoma shule wote. Ila kaa na wazee waliokuwepo Dar kabla ya 1964 utasikia jina lingine kabisa, wao wanasema Kolito, "enzi zile pale Kolito", na mimi miaka yote nilichukulia ni jina la Mzungu fulani mwenye shamba la katani, wala sikuuliza. Kumbe Kolito ni mji, tena uko mbali, kusini mwa Ethiopia, leo wenyewe wanauita Alaba Kulito, na kambi ya Dar ilipewa jina hilo kwa sababu ya siku moja tu, Mei 19, 1941.

Nataka nieleze hiyo siku ilikuwaje, na kwa nini kijana mmoja aliyekufa siku hiyo, sajenti wa miaka 28 anaitwa Nigel Leakey, alipewa medali kubwa kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa vitani, halafu nieleze mstari mmoja ulioko kwenye maelezo ya hiyo medali ambao tangu niusome haujanitoka kichwani. Maana hii stori ukiigusa juujuu ni fupi sana, Mzungu shujaa karukia kifaru kafa, basi. Ukiifungua ndani unakuta imejaa Watanganyika.

Kwanza jeshi lenyewe. Waingereza mwaka 1902 waliunganisha vikosi vyao vya huku Afrika Mashariki na Nyasaland vikawa jeshi moja, King's African Rifles, kwa herufi K.A.R., na midomoni mwa watu herufi hizo zikawa Keya. Babu alikuwa Keya, alienda Keya, ndo hivyo. Batalioni zilikuwa na namba, na ya 6 ndo ikaja kuwa ya Tanganyika, iliundwa upya 1917 wakati Vita ya Kwanza bado inaungua hukuhuku kwetu, na wengi walioingizwa mwanzoni walikuwa askari wa zamani wa Mjerumani ambao walishatekwa. Yaani mtu mwaka huu anampigania Kaiser, mwaka unaofuata yuko kwa King George, kofia imebadilika lakini kwata ni ileile. Hata hili neno afande ambalo tunamwitia polisi mpaka leo lina historia humohumo, ni efendi ya Kituruki iliyoletwa na askari wa Kisudani waliotumika kwenye majeshi ya kikoloni.

Vita ya Pili ilipofika batalioni ya 6 ikazaa nyingine, ile ya mwanzo ikawa inaandikwa 1/6. Askari wake ni Watanganyika, maofisa ni Wazungu, na kipindi cha vita waliongezwa pia masajenti Wazungu, wengi wao watoto wa walowezi wa Kenya. Leakey alikuwa mmoja wa hao. Alizaliwa Kiganjo, upande wa Nyeri, Januari 1, 1913, wa ukoo uleule wa Louis Leakey wa Olduvai. Kwa hiyo tukisema sajenti wa Keya tusichanganye, yeye alikuwa sajenti Mzungu ndani ya batalioni ya Waafrika, na kwa utaratibu wa wakati ule Mwafrika hata awe na miaka 20 ya utumishi hakuwa anaruhusiwa kuwa ofisa. Hilo lishike, tutalirudia.

Sasa Ethiopia. Italia ilikuwa imeikalia tangu 1936, na Juni 1940 ikaingia vitani upande wa Ujerumani, kwa hiyo ghafla Kenya ikawa imepakana na adui. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyokusanyika Kenya, Waafrika wa Keya pamoja na wa Afrika Magharibi na Wazungu wa Afrika Kusini, yakavuka kuingia Somalia, Februari 25 Mogadishu ikashikwa, Aprili 6 Addis Ababa, na Mei 5 Mfalme Haile Selassie akaingia mji wake mkuu miaka 5 kamili tangu Waitalia waingie. Watu wengi wanadhani hapo vita ya Ethiopia iliisha. Wapi. Waitalia walikuwa bado na maelfu ya watu kusini-magharibi chini ya Jenerali Gazzera, kwenye nchi ya maziwa na milima, na mvua zilikuwa zimeshaanza, barabara zimegeuka matope tupu, malori yanakwama, mito imejaa. Kazi ya kwenda kuwatoa huko ilipewa brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani ya brigedi hiyo ndo ilikuwemo 1/6, vijana wetu.

Njia ya kwenda Soddu inakatwa na mto Bilate, na Kolito ndo pa kuvukia. Waitalia walikuwa ng'ambo wanasubiri.

Kombania mbili za 1/6 zikavuka asubuhi hiyo huku zinapigwa. Zikafanikiwa kushika kipande cha ardhi upande wa pili lakini ni kipande cha kushikilia kwa kucha, na cha kuogopesha zaidi ni kwamba silaha zote za kupigia vifaru zilikuwa bado nyuma, upande wa huku wa mto. Kazi ya Leakey ilikuwa ni mota ya inchi 3, ile unayodumbukiza bomu kwenye mtutu linaruka juu na kwenda kuangukia kwa adui. Alipiga mpaka mabomu yakaisha. Angeweza kukaa hapo, kazi yake alishaimaliza na hakuna ambaye angemuuliza, lakini akaenda mbele kuangalia kama kuna kingine cha kufanya.

Ndipo vifaru vikatokea. Vilikuwa vimefichwa kwenye kichaka kinene, vikaja kutoka pembeni na kutoka nyuma ya wale waliotangulia, na nyie mnaoelewa mnaweza kupata picha, umevuka mto umejaa, mto uko mgongoni, vifaru vinakuja kukukatia njia ya kurudi, na ulichonacho mkononi ni bunduki. Leakey akarukia kimoja kilichokuwa kinaingia kwa nyuma, akapanda juu, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akampiga kamanda wa kifaru kwa bastola na waliokuwa naye wote isipokuwa dereva, dereva akamlazimisha aendeshe mpaka mahali pa kujikinga. Akajaribu kuutumia mzinga wa kile kifaru kuwapiga wenzake, ukagoma. Basi akashuka akapiga kelele kwamba atavifuata kwa miguu, akakimbia kwenye uwanja ambao risasi zilikuwa zinaufagia.

Na hapa ndo panapo ule mstari. Maelezo rasmi yaliyochapishwa kwenye gazeti la serikali la London yanasema kwamba akiwa pamoja na sajenti meja wa kombania Mwafrika na askari wengine wawili, alikwenda kuvinyatia vile vifaru. Viwili vya mwanzo vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua mfuniko, akaua mmoja wa waliokuwemo ndani, halafu kifaru cha nne kikamfyatulia rashasha kikamdondosha. Yule sajenti meja na wale askari wawili walipoona amepigwa wakalala chini na hivyo wakanusurika.

Sajenti meja Mwafrika. Askari wawili. Hakuna jina hata moja.

Nimesoma hayo maelezo mara nyingi sana, nikawa nadhani labda nimeruka mstari. Sijaruka. Karatasi inaeleza bastola, inaeleza mota ni ya inchi ngapi, inaeleza kifaru cha kwanza mpaka cha nne kimoja kimoja, lakini watu watatu waliotoka kwenda kuwinda vifaru wakiwa hawana silaha ya kuumiza kifaru wameandikwa kwa cheo na rangi. Na tukumbuke kwamba wao walikwenda baada ya kuona vifaru vinafanya nini. Leakey alikuwa na ujasiri wa ajabu, sipunguzi hata chembe, ila ujasiri wa kuvifuata vifaru kwa miguu siku ile Kolito ulikuwa wa watu wanne.

Yaliyofuata: shambulio la vifaru likavunjika, kile kipande cha ng'ambo kikashikiliwa, mto ukavukwa na waliobaki, na siku tatu baadae, Mei 22, Soddu ikaanguka. Gazzera mwenyewe alikuja kujisalimisha Julai kwa jeshi lingine kabisa la Waafrika, Force Publique kutoka Kongo ya Mbelgiji, baada ya mapigano ya Saio. Maelezo ya medali ya Leakey yanasema wazi kwamba Kolito ilikuwa hatua iliyogeuza kampeni na kwamba yeye ndo aliyeishinda. Mwili wake haukupata kaburi linalojulikana. Jina lake liko Nairobi, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong.

Medali ilitangazwa Novemba 15, 1945. Miaka minne na nusu! Vita imeshaisha, watu wanarudi makwao.

Sasa nieleze hiyo medali inavyofanya kazi maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Inaitwa Victoria Cross, VC, ilianzishwa na Malkia Victoria 1856, na mpaka leo zimetolewa zaidi kidogo ya 1,350. Kwa Vita ya Pili nzima, dunia nzima, ni 182. Haiombwi na mwenyewe. Ofisa aliye juu yako ndo anaandika pendekezo, anaambatanisha ushahidi wa walioona, linapanda kwa brigedi, divisheni, mkuu wa majeshi, Wizara ya Vita, mwisho mfalme anaidhinisha, na kila ngazi inaweza kulikataa au kulishusha likawa la medali ndogo zaidi. Kwa hiyo ushujaa peke yake hautoshi. Lazima uonekane, na uonekane na mtu ambaye neno lake linaandikwa, na aliyekuona awe hai, na awepo ofisa anayejua kuandika kwa lugha ambayo wakubwa wa London wanataka kuisoma.

Pima hiyo kwa askari wa Keya. Ofisa wake ni mgeni, wanaongea kwa Kiswahili cha kijeshi kilichokatwakatwa mpaka kikapewa jina lake, Ki-KAR, amri na matusi na mambo ya chakula. Juu ya koplo na sajenti meja hakuna Mwafrika mwenye kalamu ya kupendekeza. Waafrika wa Keya walikuwa hata na medali yao ya pembeni, DCM (Distinguished Conduct Medal, medali ya ushujaa ya askari wasio maofisa) iliyokuwa imeandikwa jina la jeshi lao, tofauti na DCM ya Waingereza, na utaratibu huo ulidumu mpaka 1942. Walioipata waliistahili na ilikuwa heshima kubwa, lakini unaona mlango ulivyotengenezwa, wa kwao ni huu, ule mwingine ni wa wengine.

Mtu anaweza kusema sheria haikukataza. Ni kweli na ndo maana inabidi tuwe makini hapa. VC haikuwa imeandikwa ya Wazungu tu. Samuel Hodge, mtu mweusi wa visiwa vya Karibi, aliipata kwa vita ya Gambia 1866, na William Gordon wa Jamaika kwa vita ya hukohuko Gambia 1892. Wahindi waliruhusiwa rasmi 1911. Tena kwenye kampeni hiihii ya kumtoa Mwitalia, Februari 1941 kule Keren, Eritrea, Mhindi anaitwa Richhpal Ram aliongoza watu wake kushambulia kilima mpaka akafa, na VC yake ikatangazwa mwaka huohuo. Mhindi mwingine, Premindra Singh Bhagat, aliipata kwa kusafisha mabomu ya ardhini njiani kuelekea Gondar, akiwa hai. Kwa hiyo rangi ya ngozi haikuwa marufuku ya kwenye karatasi. Ila Vita ya Pili ilianza ikaisha, na ya Kwanza kabla yake vilevile, bila askari mweusi wa Afrika hata mmoja kupewa VC, pamoja na kwamba Afrika Mashariki peke yake ilitoa zaidi ya watu laki 3 kwenye Vita ya Pili. Jeshi la India lilikuwa na maofisa wake Wahindi, lilikuwa na majarida yake, na watu wa kulisemea huko London. Keya haikuwa na mtu wa kuisemea.

Na kuna kitu kingine kidogo cha kanuni ambacho mimi nilipokielewa ndo nikaona fundo lote limefunguka. Mpaka mwaka 1979 medali nyingi za ushujaa vitani za Uingereza hazikuruhusiwa kutolewa kwa mtu aliyekwisha kufa. DCM hapana, MM (Military Medal) hapana, Military Cross hapana. Mwanajeshi akifa kwenye kitendo chenyewe zilikuwepo njia mbili tu, apewe VC, ya juu kabisa, au atajwe jina kwenye taarifa ya vita, jambo ambalo ni mstari mmoja tu kwenye orodha ndefu. Katikati hakuna kitu. Sasa unganisha: kama kwa vitendo VC haimfikii Mwafrika, na hizo nyingine haziwafikii wafu, basi askari wa Keya aliyefanya jambo kubwa akafa palepale hakuwa na pa kuangukia. Waliopona ndo waliopata. Lucas Majozi wa Afrika Kusini, mbeba majeruhi asiyekuwa hata na bunduki, aliwabeba watu El Alamein, kule Misri, Oktoba 1942 huku mwenyewe ana vyuma mwilini, akapewa DCM kwa sababu alitoka hai. Angefia pale jangwani ingekuwa kesi nyingine.

Na ndo maana napenda kumtaja Eric Wilson kila nikimtaja Leakey, maana wanaenda pamoja. Wilson alikuwa ofisa kijana, miaka 27, yuko na Kikosi cha Ngamia cha Somalia ya Mwingereza, Agosti 1940, Waitalia ndo wanashambulia safari hiyo. Alikaa na bunduki zake za rashasha juu ya kilima pale Tug Argan siku kadhaa, ameumizwa bega na jicho, miwani imevunjika, ana malaria, na anaendelea kupiga mpaka Agosti 15 wakazidiwa. Ikaaminika amekufa. VC yake ikatangazwa Oktoba kama ya marehemu, na mwaka uliofuata akakutwa hai kwenye kambi ya mateka Eritrea. Alikuja kuishi miaka 96, akafariki 2008. Huyu baada ya vita alihamia Tanganyika akafanya kazi serikalini kuanzia 1949 mpaka 1961, watu wa umri wa babu zetu walimjua. Ila kitu ninachomheshimia zaidi ni kwamba pale kilimani alikuwa na sajenti wake Msomali aliyeuawa pembeni yake, na Wilson hakumwacha akapotea. Omar Kujoog. Nalijua jina hilo mimi niliye Dar mwaka huu kwa sababu aliyepona alilisema. Leakey hakupona, asingeweza kuwataja watu wake.

Turudi Dar sasa. Vita ilipokwisha batalioni ya 6 ilibaki jeshi la Tanganyika na vita yake ya kujivunia ikawa Kolito, kambi yake nje ya Dar ikaitwa hivyo. Uhuru ulipokuja 1961 ikabadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles, na kijana wa jeshi hilohilo, Luteni Alexander Nyirenda, mmoja wa Watanganyika wa kwanza kabisa kuwa maofisa, ndiye aliyepanda Kilimanjaro kusimika bendera na Mwenge usiku wa Desemba 9. Ona hapo urefu wa njia, miaka 20 na ushee tangu Kolito, ambako Mwafrika wa juu kabisa alikuwa sajenti meja asiye na jina. Lakini maofisa wengi bado walikuwa Waingereza, mishahara bado midogo, na usiku wa Januari 20, 1964 askari wa Kolito wakaasi, wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini. Serikali ya Nyerere ikalazimika kuwaita Waingereza, makomando wakashuka Januari 25 kutoka kwenye meli, uasi ukazimwa, na Tanganyika Rifles ikavunjwa yote. Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, jeshi jipya kwa misingi mipya, na kambi ikapewa jina la Lugalo.

Mimi naona walifanya sawa. Jeshi la nchi huru haliwezi kukaa kwenye kambi yenye jina la ushindi wa mfalme wa mtu mwingine, na Lugalo ni ushindi wetu wenyewe, hakuna Mzungu aliyeongoza. Ila kuna kitu kilienda na lile jina la zamani. Tulidhani tunafuta kumbukumbu ya Leakey. Leakey ana medali, ana ukumbusho Nairobi, Waingereza wanamtunza vizuri tu hata sisi tusipomtaja. Waliofutika ni wale waliovuka Bilate na hawana sehemu nyingine yoyote ya kukumbukwa, kwa sababu jina la kambi ndo lilikuwa kaburi lao, jiwe lao na gazeti lao.

Sina haja ya kuficha kwamba kumkumbuka Leakey kuna ugumu kwa mtu wa Kenya hasa. Baba yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji wa Mau Mau 1954 kule Nyeri, miaka 9 baada ya medali ya mwanae kutangazwa. Ni familia ya walowezi, ardhi ilikuwa ya watu. Kijana alikufa akipigana na ubeberu wa Mwitalia akiwa amevaa sare za ubeberu wa Mwingereza, na askari waliokuwa naye ndo hivyohivyo, wamekwenda kuikomboa Ethiopia wakati kwao hakujakombolewa. Siwezi kuliweka hilo kwenye sentensi moja nzuri. Najua tu kwamba Mhabeshi wa Kolito siku ile alipoona Waitalia wanarudi nyuma hakuwa anauliza sare.

Pale Posta, makutano ya Samora na Azikiwe, kuna ile sanamu ya Askari ya 1927, ameshika bunduki yenye singe. Ilijengwa kwa ajili ya Vita ya Kwanza na maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja askari wenyeji na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ahadi nzuri. Zunguka sanamu yote, hakuna jina. Wapagazi walioachia Kariakoo jina lake kwa lile jeshi lao la kubeba mizigo, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na kuhara na malaria, na mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 wa Vita ya Kwanza, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Kwa hiyo mstari wa Kolito haukuwa bahati mbaya ya karani mmoja 1945, ulikuwa ni mkono uleule uliochonga sanamu 1927.

Kuna majina bado yanaweza kupatikana, tena sio kwenye majumba ya kumbukumbu ya London peke yake. Yako kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda vya bibi zetu Iringa, Tabora, Songea, Musoma. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa Keya basi mkilifungua hilo sanduku msizitazame nishani kwa mbele tu. Zile nyota za kushiriki vita, zenye utepe wa rangirangi, nyingi hazikuchongwa jina. Lakini medali ya ushujaa, ya mviringo, yenye kichwa cha mfalme, hiyo huchongwa pembeni. Igeuze, ishike kwenye mwanga wa dirishani, uzungushe ukingo wake taratibu. Ukiona namba, halafu jina, halafu herufi K.A.R., chukua kalamu uandike kabla hamjalirudisha.